3D Slicer kwa picha za PET/CT: hufichua dosari, haiziondoi

CD ya PET/CT (kipimo kinachounganisha picha ya PET, inayoonyesha dawa ya mionzi ilipojikusanya mwilini, na ya CT, inayoonyesha umbo la viungo) anayorudi nayo mgonjwa wa Mbeya au Njombe kutoka Dar es Salaam mara nyingi huwa na kiprogramu chake cha kufungulia picha. Kwa kutazama kinatosha. Doa linalong'aa likikutia shaka, fungua 3D Slicer, programu ya kuchambua picha za kitabibu: ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha inafanya kazi bila intaneti. Kompyuta iwe na RAM ya GB 8 au zaidi, la sivyo utakaa unaisubiri.

Ingiza folda nzima ya CD kupitia DICOM (sehemu ya kuingizia picha za hospitali), kisha pakia CT, PET iliyosahihishwa (iliyofidiwa mionzi inayopotea mwilini) na PET isiyosahihishwa. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika kuchomwa kwenye CD, na bila hiyo programu inapoteza nusu ya faida yake. Iombeni mapema. Weka CT chini na PET juu, halafu cheza na kitelezi cha uwazi.

Mashine hutumia CT kukadiria mionzi iliyopotea mwilini, kisha huifidia kwenye PET. Kwa hiyo CT ikidanganya, PET hufuata. Penye nyonga ya chuma au meno yaliyozibwa, fidia huzidi na mng'ao usiokuwepo hujitokeza. Doa likitoweka kwenye picha isiyosahihishwa, lishuku. Likibaki, lichunguze kwa uzito.

Juu ya ini tatizo ni pumzi. CT ikipigwa mgonjwa amevuta hewa, na PET ikachukuliwa akipumua kawaida kwa dakika kadhaa, hutokea ukanda hafifu uliopinda kama ndizi (Tukuyu hawahitaji mchoro), na uvimbe wa kilele cha ini huweza kuonekana uko kwenye pafu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Programu ina zana ya kusogeza PET ilingane na CT, na picha hupendeza kweli. Lakini SUV (namba zinazopima ukali wa mng'ao wa doa) zilishakokotolewa kwa CT iliyokaa vibaya, na data ghafi ya kuzikokotoa upya haimo kwenye CD. Dawa iko kwenye mashine yenyewe: kurudia CT kwa pumzi ya kawaida, au kuunda picha upya kwa programu ya kupunguza athari za chuma. Wapigieni simu waliopima kabla data hiyo haijafutwa.

Kupata SUV, ongeza kiongezi cha programu kiitwacho PETDICOMExtension. Kuipakua tu ndiko kunahitaji intaneti. Hakiki uzito, dozi na saa ya sindano. Nusu-uhai wa F-18, kiini cha mionzi kilichomo kwenye sindano, ni dakika 110, hivyo saa ikikosewa kwa dakika 30, SUV hupotoka takriban asilimia 20.

Menyu zake ni msitu, na usipohifadhi, umeme ukikatika kazi imekwenda. Tena ni zana ya utafiti, haijaidhinishwa kwa matibabu: ulichokiona humo kipeleke kwa daktari wa radiolojia kama swali, si kama ripoti.