Mota ya feni ya mtumba kwa Corolla 110: yafaa, ila pima kwanza

Kaskazi ikishika Malindi, gari ambalo feni yake ya hewa ya ndani haipulizi halikaliki. Madukani utapewa chaguo tatu: mota ya mtumba kutoka Japani, mota mpya ya kuigiza, au rezista mpya (kile kipande kinachopunguza umeme wa feni kwa namba za chini). Tathmini hii ni ya hizo tatu, kwa Toyota Corolla AE110 na magari ya rika lake yenye swichi ya feni ya kuzungusha kwa mkono. Mota ya mtumba tunaipa nyota 4 kati ya 5, rezista mpya 3, mota ya kuigiza 2.

Kwanza ujue unanunua nini. Feni ikipuliza namba ya juu peke yake na zile za chini kimya, usiguse mota. Namba ya juu haipiti kwenye rezista, za chini zote hupita humo, kwa hiyo rezista ndiyo imekatika. Ichomoe, weka mita kwenye miguu yake: nzima husoma omu chache tu, iliyokatika haisomi kitu.

Namba zote zikiwa kimya, anza na fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayowasha feni), kisha shuka kwenye mota. Toa droo ya dashibodi upande wa abiria na utaiona imening'inia chini ya kasha la hewa, skrubu 3, soketi ya waya 2. Ufunguo uwe ON, feni namba ya juu, soketi ibaki imechomekwa, ncha za mita ziingie kwa nyuma yake. Ukisoma karibu volti 12 na mota haizunguki, imekufa. Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, brashi za kaboni, zile zinazopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha, na kugonga huko hakutakufikisha mbali. Ukisoma sifuri, mota haina kosa na pesa yako ibaki mfukoni. Hapo fuata waya, hasa ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Chumvi ya bahari huku kwetu hula shaba mpaka ikatoa unga wa kijani chini ya bolti iliyoshika bodi. Kati ya mguu wa hasi wa mota na hasi ya betri, feni ikiwa namba ya juu, pakizidi nusu volti kuna kutu au swichi imechoka. Sugua kwa msasa, paka grisi, pima tena.

Rezista mpya inapata nyota 3 kwa sababu nyingi hurudi dukani bila kosa lake. Ndani yake kuna fyuzi ya joto, inayokatika joto likizidi, na rezista yenyewe imekaa ndani ya njia ya upepo ili upepo huo uipoze. Corolla nyingi za wakati ule hazina chujio la hewa ya ndani, kwa hiyo gari likilazwa chini ya mvinje au mwarobaini, majani hupenya kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele na kuishia kwenye feni. Sindano za mvinje ndizo mbaya zaidi: hujisokota baina ya mapezi ya feni kama nyuzi za kamba. Upepo hupungua, rezista huungua. Mota iliyokauka bushi (kola zinazoshika mhimili wake) nayo hula umeme mwingi, na matokeo ni yale yale. Ukifunga rezista mpya kwenye mota inayozunguka kwa uzito, umenunua kitu cha muda mfupi. Pima kwa mita ya kukumbata waya: kwa namba ya juu, mota nzima ya gari dogo hula takriban ampea 10 hadi 20. Usipitishe umeme huo ndani ya mita ya kawaida, kwani nyingi mwisho wake ni ampea 10. Na fundi akitaka kuruka ile fyuzi ya joto kwa kipande cha waya, mkatalie. Mota ikigoma, ule waya wa rezista utawaka mwekundu ndani ya plastiki.

Mota ya mtumba ina brashi na bushi za kiwandani, na feni yake imesawazishwa vizuri. Vile vibanio vidogo vya chuma kwenye mapezi ni vya usawa huo, usiving'oe ukidhani ni uchafu. Dukani, iunganishe kwenye betri na uiache izunguke dakika 5. Inuse: harufu ya vanishi iliyoungua ni ya kurudisha. Tikisa mhimili kwa vidole: haufai kuyumba pembeni. Linganisha soketi, matundu ya skrubu na upana wa feni na ile ya zamani. Nyota moja tumeipunguza kwa sababu hujui imeshazunguka saa ngapi.

Mota ya kuigiza tatizo lake ni plastiki nyembamba na feni isiyo na usawa, hivyo huvuma kwa namba ya juu na kutikisa dashibodi. Ichukue tu ukikosa mtumba.

Wakati wa kufunga, angalia mambo mawili. Ukigeuza chanya na hasi, feni itazunguka kinyume na bado itapuliza, lakini kwa unyonge, na wengi huishia kulaumu gesi ya AC. La pili ni kile kimpira kifupi kinachotoka kwenye mota kwenda kwenye kasha. Hupeleka hewa ya kuipoza mota, na mara nyingi hubaki sakafuni mwa gereji. Soketi iliyogeuka kahawia nayo ikatwe na ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana miguu iliyolegea itaiunguza hata mota mpya.