Kuzunguka Ziwa Vassivière kwa baiskeli ya changarawe: njia safi, duka la kukodi limenitia hasira

Naandika bado nimechukia kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Nilienda kiangazi hiki kilichopita, Limousin, katikati ya Ufaransa huko ambako watu wengi wanapita tu na gari wakielekea kusini. Kuna ziwa linaitwa Vassivière, na pembeni yake njia za changarawe na za msituni ambazo mtu anayependa baiskeli anaweza kulia machozi kwa furaha. Mimi nimelia kwa sababu nyingine.

Nilikodi baiskeli kwenye duka moja maeneo ya huko, jina silitaji. Naingia, natoa bonjour yangu vizuri, maana Ufaransa usipoanza na bonjour umeshaharibu, jamaa wa kaunta kimya, macho kwenye simu. Walioingia nyuma yangu wakaitikiwa na kuulizwa wanataka nini, mimi nimesimama. Sawa, nikameza. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza swali moja tu la maana: tairi zina dawa ndani? Baiskeli hizi siku hizi tairi zake hazina tyubu, zinawekwa yale maji meupe, ukikanyaga kitu chenye ncha yanaziba tundu lenyewe huku unaendelea kukanyaga pedeli. Akasema kila kitu kiko sawa. Nikaomba pampu na tyubu ya akiba, akasema havimo kwenye bei na hauzi. Akachukua kadi yangu ya benki akazuia dipoziti, haraka sana, hapo ndipo nilipoona kwamba kumbe ana spidi.

Nikaondokea upande wa Auphelle, kijiji cha pembeni ya ziwa. Njia ya kuzunguka ziwa ni zaidi ya kilomita 25 na haiko tambarare hata kidogo, inapanda inashuka inazunguka kila ghuba, kuna mizizi, kuna vipande vya mawe ya graniti vimechomoza, halafu ghafla unatoka kwenye misonobari maji yote yako mbele yako. Utakutana na watembea kwa miguu, punguza mwendo, salimia, wanakupisha. Ukichoka na ufuko unapanda juu kwenye barabara za msitu, zile wanazotumia wakata mbao, changarawe pana, magogo yamepangwa pembeni yananukia utomvu, na malisho yenye wale ng'ombe wekundu wa Limousin. Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa, waliziba mto Maulde kwa ajili ya umeme na likajaa maji mwaka 1950, lakini ukifika huwezi kuamini, utadhani liko hapo tangu dunia iumbwe. Asubuhi ile kwa kweli nilishasamehe habari ya bonjour.

Sasa mbele ya Vauveix huko, kijiji kingine cha pembeni ya ziwa, pssssss. Tairi la nyuma. Nikashuka nikageuza baiskeli juu chini nikalizungusha polepole, nikaona mpasuko mdogo, urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Mpasuko kama ule dawa inaziba, au hata isipoziba kabisa utaona yale maji meupe yanatoka povu pale kwenye tundu. Hapa hakuna hata tone. Nikabandua tairi upande mmoja nikapitisha kidole ndani: pakavu kabisa, vimebaki vigamba vyeupe vya dawa iliyokauka zamani, vinapukutika mkononi. Hiyo siyo ya wiki moja. Hilo tairi lilikuwa halijafunguliwa na fundi muda mrefu sana, na mtu ameniambia usoni kila kitu kiko sawa.

Nikapiga simu dukani. Mtandao wenyewe wa kubahatisha, inabidi upande juu kwenye kilima. Akapokea yule yule. Nikamweleza, akasema wanafunga saa sita mpaka saa nane kwa chakula cha mchana, nipige tena baadaye. Nikamwambia niko msituni na baiskeli yenu haitembei, akasema ndiyo, saa nane, akakata. Jamani mimi nawaheshimu Wafaransa na chakula chao cha mchana, nimeishi nao, najua hilo halina mjadala, lakini hata kuniuliza uko wapi, una maji ya kunywa? Hata hilo?

Nikasukuma. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anapanga kuni nje ya nyumba yake, aliniona akaja mwenyewe kabla sijasema kitu. Akaangalia tairi akatikisa kichwa, akaingia stoo akatoka na tyubu ya baiskeli ya mjukuu wake, nyembamba kidogo lakini ikaingia, akachukua pakiti ya maziwa akaikata kwa mkasi kipande akakiweka ndani ya tairi penye mpasuko ili tyubu isichungulie nje. Ufundi kama wa mafundi wetu chini ya mwembe. Huku anapiga pampu ananihadithia mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipopita hapo kwao mwaka 1985, yeye alikuwepo barabarani, siku Greg LeMond aliposhinda ile mbio ya kila mtu dhidi ya saa, Mmarekani wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Yakarudi 1990, LeMond akatoka Vassivière amevaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mashindano, halafu 1995 zamu ya Mhispania Indurain. Anasema kwa mikono, anasimama kuonyesha kona ilipokuwa. Nikatoa hela, akakataa, akakasirika kabisa. Mke wake akaniletea maji ya baridi na keki.

Kwa hiyo nikamaliza mzunguko, nikavuka mpaka kisiwani pia, pale Pierrefitte kuna daraja, kisiwani kuna kituo cha sanaa chenye mnara unafanana na mnara wa taa za meli na sanamu zimetawanywa msituni. Sikukaa. Kichwa kilikuwa dukani.

Nikarudisha. Nilikuwa nimejiambia nitakuwa mpole. Jamaa anaangalia tairi anasema nimelichana mimi, nitalipa, euro 70 kutoka kwenye dipoziti. Nikamwambia lifungue ndani uone dawa ilivyokauka. Hakulifungua. Nikalibandua mwenyewe pale pale kaunta, nikamwagia vile vigamba mezani mbele yake, akavifagia kwa mkono vikaanguka chini, akamgeukia mwenzake wakaongea habari nyingine. Euro 70! Na tyubu ya yule mzee bado imo ndani ya tairi lao, nikailazimisha nikaitoa, nikampelekea mwenyewe kabla ya kuondoka. Wao wasingemrudishia.

Nilitaka kuwapa nyota mbili kwa sababu breki na gia zilikuwa nzuri, ila kadiri ninavyoandika naona hapana, moja. Breki nzuri haimsaidii mtu aliyekwama msituni.

Njia zenyewe ni tano kwa tano na sitaki mtu aache kwenda kwa sababu ya huyu. Nenda na baiskeli yako mwenyewe, treni za mkoa, wanaziita TER, kutoka mji wa Limoges zinapakia baiskeli, unashuka kituo cha Eymoutiers, kutoka hapo ni kilomita kumi na kitu za kupanda mpaka ziwani, utahema lakini utafika. Beba tyubu mbili, pampu, viraka, na chakula, maana saa sita kila kitu kimefungwa. Usiende msimu maji yameshushwa sana, ufuko unabaki matope. Mimi narudi mwezi wa tisa nikipata likizo.

Ile euro 70 naidai, nimeshaandika barua benki kuipinga. Wakinirudishia nitaongeza hapa chini, nyota haitabadilika.