Mota ya kukarabati zege, R3 na R4: mfuko upi ununue Mwanza, na wapi fedha zinapotea

Zege likianza kumeguka na nondo kuonekana, mwenye jengo Mwanza hukuta vitu vitatu dukani: mota ya kukarabati iliyochanganywa kiwandani, mfuko wa kilo 25, dumu la maji meupe ya SBR (mpira wa maji unaochanganywa na saruji ili ishike zaidi), na saruji ya kawaida ya kilo 50. Mota ya kiwandani ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo tunayoipima hapa. Kwenye nguzo, bimu na tumbo la slebu inastahili bei yake. Tatizo ni kwamba wauzaji wengi husukuma mota ya daraja la R4 kwa kila kazi kwa sababu ndiyo yenye nguvu zaidi, wakati kwa majengo mengi ya mjini R3 ndiyo chaguo sahihi.

Herufi na namba hizo zinatoka kwenye kiwango cha Ulaya EN 1504-3. R4 lazima ifikie mgandamizo wa megapaskali 45 baada ya siku 28 na kushika zege la zamani kwa nguvu ya megapaskali 2.0. R3 inatakiwa kufikia 25 na 1.5. R1 na R2 ni za kurembesha tu, hazibebi mzigo. Mfuko usioonyesha daraja lolote usipakwe kwenye nguzo, hata ukiwa umeandikwa maneno mazuri kiasi gani.

Kwa nini R4 isiwe jibu la kila mahali? Zege lililochanganywa kwa beleshi chini, likaongezwa maji ili litiririke kwenye mbao, mara nyingi halifiki megapaskali 20. Ukibandika juu yake kitu cha 45, kiraka kinakuwa kigumu kuliko mwili kinaoushikilia. Kikisinyaa kidogo wakati wa kukauka, au jua la mchana likikipasha na mvua ikakipoza ghafla, hakipasuki chenyewe; kinang'oa ngozi ya zege dhaifu lililo nyuma yake. Kiraka kilichoanguka kigeuzwe kitazamwe mgongo. Mgongo ukiwa safi, kosa ni la maandalizi: vumbi, au zege lilikuwa kavu mno. Mgongo ukiwa umebeba tabaka la zege la zamani, mota ilikuwa kali kuliko jengo.

Kabla ya kununua chochote, jua kinachokula zege lako. Ziwa Victoria ni maji baridi, kwa hiyo ugonjwa wa chumvi ya bahari unaozitesa Tanga na Dar es Salaam si wa kawaida hapa. Nyumba za miteremkoni Bugando, Mabatini na Igogo huumwa zaidi na hewa. Zege jipya lina pH (kipimo cha uchachu na magadi) ya karibu 12.5 hadi 13, na hali hiyo ndiyo inayoilinda nondo dhidi ya kutu. Hewa ya ukaa huingia kupitia vitundu vya zege na kuishusha pH hadi chini ya 9, na mpaka huo ukifika kwenye nondo, kinga imekwisha. Kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, ndipo zege linasukumwa nje. Kina ambacho hewa hiyo hufika kinafuata kipeuo cha pili cha muda: kava, yaani zege linalofunika nondo, ikiwa nene mara mbili, safari inachukua muda mara nne. Ndiyo maana nondo iliyolala milimita 10 tu kutoka nje, kwa sababu fundi hakuweka biskuti (kipande cha kuinua nondo) chini yake, huharibu jengo ambalo kava ya milimita 30 au 40 ingelilinda kwa miongo mingi.

Ipo sehemu moja ya Mwanza yenye chumvi kweli, nayo ni sakafu na slebu za maghala ya kayabo, yaani sangara wa chumvi, kama eneo la Mwaloni, Kirumba. Maji ya sangara waliotiwa chumvi hudondoka, hukauka, hudondoka tena, na kila safari chumvi inaingia ndani zaidi. Kutu ya namna hii haisubiri pH ishuke. Hula nondo kwa mashimo, sehemu moja moja, na nondo inaweza kupoteza unene mwingi kabla ufa haujaonekana. Kuta za ufukweni nazo zina shida yao: maji ya ziwa ni laini, yana madini machache, hivyo huchota chokaa polepole kutoka kwenye zege. Sehemu inayolowa na kukauka kila mara ndiyo huanza kuharibika. Ziwa lilipopanda hadi mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, Uganda, mwezi Mei 2020, kuta nyingi ambazo hazikujengwa ili zikae majini ziliingia kwenye hali hiyo.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Bisha uso wote kwa nyundo ndogo: penye uzima mlio ni mkali, penye mwanya ni wa debe tupu. Chora mpaka kwa chaki. Kisha chimba kidogo, puliza vumbi, nyunyiza fenolfthalini ya asilimia 1 iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Panapogeuka rangi ya waridi bado pana kinga. Pasipobadilika, hewa imeshapita. Kwenye ghala la kayabo usiitegemee dawa hii peke yake, maana zege linaweza kuwa la waridi kabisa huku nondo inaoza. Hapo toboa kwa drili, kusanya unga wa kila kina, upeleke maabara upimwe kloridi, yaani kiini cha chumvi kinacholeta kutu.

Sasa kazi yenyewe, ambako mota nyingi nzuri huharibikia. Kama ni bimu au slebu, weka mirunda au jeki kwanza. Kata ukingo wa kidonda kwa grinda, wima, kina cha milimita 10, ukiangalia usikate ringi (nondo nyembamba zinazozifunga zile kuu). Ukingo uliokwanguliwa hadi ukawa mwembamba kama karatasi utamegeka. Chimba kwa tindo au mashine nyepesi. Nondo ikiwa na kutu, usiishie kwenye mgongo wake: zunguka nyuma yake hadi vidole vipite, karibu milimita 20, na ufuate urefu wake mpaka ukute chuma safi na kuongeza milimita 50. Hatua hii ndiyo mafundi huiruka, na ndiyo sababu kutu hurudi. Upande wa nyuma ulioachwa na zege lililokufa unaendelea kuoza, kiraka kinasukumwa nje.

Sugua nondo hadi ing'ae. Brashi ya waya haitoshi kwa kutu ya mashimo. Hapo inahitajika kupiga mchanga kwa kompresa. Nondo iliyopoteza zaidi ya robo ya eneo la mkato wake iongezewe nyingine ya kipenyo hicho, ikipishana na sehemu nzima kwa mara 50 ya kipenyo, yaani milimita 600 kwa nondo ya 12. Uamuzi huo uachiwe mhandisi. Baadaye paka nondo praima ya saruji, mikono miwili.

Hesabu ya mota ni rahisi: mfuko wa kilo 25 hutoa lita 13 hivi. Kidonda cha mita moja ya mraba chenye kina cha milimita 40 ni lita 40, kwa hiyo nunua mifuko minne, maana kitakachodondoka chini hakirudishwi. Lowesha zege usiku kucha, asubuhi ufute maji yaliyosimama. Uso uwe mweusi kwa unyevu lakini usimetemete. Maji ya kuchanganyia huwa kati ya lita 3.5 na 4.5 kwa mfuko kulingana na bidhaa. Yapime kwa chombo chenye alama, usikisie kwa kopo. Changanya dakika 3 kwa drili ya kasi ndogo yenye pala. Mkono na mwiko kwenye karai havitoshi, vinaacha vidonge vikavu ndani. Ikianza kuganda usiiongezee maji, itupe. Ikandamize nyuma ya nondo kwanza kwa vidole vyenye glavu, ndipo ujaze mbele, kwa tabaka ambazo mfuko unaruhusu.

SBR nayo ni bidhaa nzuri, na ndiyo tunayoipendekeza kwa kuta, linta zisizo na kutu na zege dhaifu ambalo R3 ingekuwa kali kwake. Kipimo cha kawaida ni lita 10 za SBR kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 na mchanga kilo 150, kisha maji kidogo kidogo. Mchanga upimwe kwanza: jaza nusu chupa, ongeza maji, tikisa, acha utulie. Tope la juu likizidi asilimia 6 ya kimo cha mchanga, uoshe au utafute mwingine. Ukipaka SBR na saruji kama gundi ya kushikizia, bandika mota ingali inanata. Ikikauka inakuwa ngozi ya kutenganisha, na lazima ikwanguliwe. Usikubali gundi nyeupe ya mbao badala yake. Ikilowa inalainika tena.

Nyufa zisizo na kutu si kazi ya bidhaa hizi. Ufa uliotulia hujazwa kwa epoksi ya sindano, na unaotembea hupewa kizibio kinachonyumbuka.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba kwa kuwa mvua ni chache, lakini upepo wa ziwa na jua hukausha kiraka kabla hakijakomaa. Kifunike kwa gunia bichi na nailoni saa ileile unapomaliza, uendelee kwa siku 7. Dukani angalia tarehe ya kutengenezwa, kisha bonyeza pembe za mfuko: unyevu ukishaingia utasikia vidonge vigumu, na mfuko huo usiuchukue hata kwa nusu bei.