TAHADHARI: Mashine ya boti ikijaribiwa kwa mpira wa maji, usitoe hela

Ndugu zangu wa pwani, nimepigwa. Naandika hapa ili mwingine asipigwe kwa mtindo huohuo, maana huyu jamaa bado yuko kazini.

Nafanya kazi ya boti Nyamisati. Nazunguka vijiji vya delta ya Rufiji, na mara mojamoja navuka kupeleka mizigo Kilindoni, Mafia. Mashine yangu ya zamani ilipokufa nikaelekezwa kwa muuzaji mmoja Dar anayeuza mashine za mtumba. Alikuwa na Yamaha Enduro ya nguvu-farasi 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, rangi inang'aa utadhani imeshuka kwenye kontena jana. Tukakubaliana milioni 3 na laki 2. Mashine za aina hii pwani nzima inazijua na mimi nimezitumia miaka mingi, kwa hiyo kosa si la aliyeitengeneza.

Nilipofika akaniwashia kwanza kavukavu, bila tone la maji, eti nisikie mlio. Mlio ulikuwa mtamu kweli. Hapo hapo nilitakiwa nigeuze nirudi stendi. Impela, kile kipande cha raba chenye mapanga kinachovuta maji ya kupoza mashine, ikizunguka bila maji inajisugua kwenye nyumba yake na kuungua ndani ya muda mfupi sana. Anayewasha mashine kavu mbele yako, ujue ameshawawashia hivyo wateja wote waliokutangulia.

Halafu akavuta mpira wa maji wa kijani, akabana vile vikombe viwili vya raba kwenye matundu ya mguu, ile sehemu ya chini ya mashine inayozama majini, akafungulia bomba hadi mwisho. Mashine ikakojoa kama ng'ombe, yaani ikarusha nje maji ya kupoza. "Unaona mwenyewe, kaka? Impela nimebadilisha juzi tu." Nikaona, nikahesabu hela.

Sasa sikilizeni mchezo ulivyo. Maji yale mashine ilikuwa haiyavuti, yalikuwa yanasukumwa na presha ya bomba. Bomba likiwa na nguvu, maji yanaweza kupenya katikati ya mapanga ya impela iliyochoka, yakapanda kwenye mrija na kutokea kwenye tundu la kukojolea kana kwamba pampu ni nzima. Ukiwa baharini bomba huna. Huko impela yenyewe ndiyo inyonye maji mguuni iyafikishe kwenye silinda. Tena hata mkojo wenyewe unaonyesha tu kwamba kuna maji yanapanda. Hauonyeshi kama yanapita sawasawa kila kona ya silinda.

Safari mbili za kwanza nilikuwa ndani ya mito ya mikoko, mwendo wa pole, sikuona kitu. Ya tatu nilikuwa navuka kwenda Kilindoni na unga na kreti za soda, kusi linavuma, mkono wa mafuta umefunguliwa zaidi ya nusu. Kama dakika 25 hivi, sauti ikawa nzito na nguvu ikashuka. Nageuka kuangalia, mkojo umekuwa uzi, halafu mvuke. Nikazima. Nilipojaribu kuvuta kamba baadaye ilikuwa ngumu kama imefungwa kwenye mti. Tukatweka turubai, kusi likatusukuma tukitazamana, hadi wenzetu wa ngalawa walipotuona. Mashine ilipopoa kabisa ikazunguka tena, lakini madhara yalishaingia.

Fundi akafungua mguu. Boliti mbili za nyumba ya pampu zikakatika, zilikuwa zimeshikwa na chumvi iliyoganda kama jiwe. Mashine "iliyobadilishwa impela juzi" boliti zake hazishiki hivyo. Na juu ya ile chumvi kulikuwa na rangi mpya! Yaani alipuliza rangi bila hata kupitisha brashi.

Ndani tulikuta hivi: kile kibushi cha shaba katikati ya impela kimebanduka kwenye mpira. Huu ugonjwa ni mbaya kwa sababu unajificha. Mashine ikiwa taratibu, kibushi kinashika kidogo na maji yanatoka. Ukiipa mzigo, shafti na kibushi vinazunguka lakini mpira unabaki nyuma. Huko juu tomostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya kupoza, haikuwepo kabisa, imetolewa, kifuniko kikarudishwa. Njia za maji kwenye kichwa cha silinda zimejaa chumvi. Fundi alipokwangua rangi ya nje ya kichwa, chini yake ile ya zamani ilikuwa na malengelenge, dalili kwamba mashine ilishawahi kuchemsha vibaya kabla haijafika kwangu. Pistoni ya juu ina mikwaruzo. Sasa hivi naambiwa nichonge silinda.

Nikampigia muuzaji. Akawa mpole sana: "Pole kaka, hiyo ni impela tu." Akanitumia nyingine kwa basi, elfu 45, boksi zuri lina kila chapa, akaniapia ni orijino. Ilidumu siku nne. Safari hii nilikuwa naulinda mkojo kama mgonjwa, nikawahi kuzima. Panga tatu zimekatika. Impela nzima ukiikunja panga kwa kidole inalala na kurudi. Ile ilikuwa ngumu kama soli ya kandambili, na tundu la shafti linacheza. Vipande vya panga vilivyokatika navyo havipotei, vinapanda na maji na kuziba njia, kwa hiyo lazima vitafutwe vyote. Tulikipata cha tatu kwenye mrija.

Nilipompigia tena akasema tope la Rufiji ndilo limekula pampu. Sikatai, tope la delta linakula impela, ndiyo maana kila msimu nabadilisha. Lakini tope haliendi kung'oa tomostati na kurudisha boliti. Baada ya hapo akanizuia namba.

Kwa anayeenda kununua, kwa muuzaji yeyote: dai mashine ijaribiwe ndani ya pipa la maji, maji yafunike mguu hadi juu ya pampu. Uje asubuhi mashine ikiwa baridi, na uishike kichwa kabla haijawashwa, maana wengine wanaipasha kabla hujafika. Pipa nalo halitoshi, kwa sababu halina mzigo. Ukiweza ifungeni kwenye boti, mwende nayo dakika 20 au zaidi na mkono umefunguliwa, huku unaangalia mkojo. Ukiwa wa vuguvugu ni sawa. Ukiunguza kidole, au ukikatika unapoongeza mwendo, rudisha mashine. Dondoshea maji kidogo juu ya kichwa cha silinda, yakichemka hapo hapo huna haja ya kuuliza swali lingine. Mkojo ukiwa hafifu, usikimbilie kulaumu impela, chokoa tundu kwanza kwa kipande cha mshipi mnene, mara nyingine ni mchanga tu au nyumba ya nyigu. Tomostati mwombe aifungue mbele yako. Ukiwa na wasiwasi nayo itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, za mashine hizi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 50 hivi, mapema sana kabla maji hayajachemka. Akikataa kufungua boliti mbili kwa mtu mwenye milioni tatu mfukoni, elewa.

Na andikishianeni. Mimi risiti yangu imeandikwa "mashine 1", basi. Polisi wamenipa RB, namba ya taarifa yangu, lakini kitu cha kwanza walichouliza ni namba ya mashine iliyo kwenye risiti, na haipo. Namba inasomeka kwenye kile kibano cha kufungia mashine kwenye boti, piga picha na iandikwe kabla hela haijatoka.

Kijana wangu alipita pale wiki iliyopita. Stendi ileile ya kutundikia mashine, mashine nyingine, safari hii ya 40, imepakwa rangi vizuri. Na mpira wa kijani umeshavutwa hadi mlangoni.