Linux Mint kwenye laptopu ya mtumba, mwezi wangu wa kwanza (nyota 4)

Nianze kwa kusema mimi sio fundi, nina kisteshenari kidogo tu, kazi ni kuchapa barua, CV na kutoa kopi. Laptopu yangu ilikuwa na Windows 10 ambayo Microsoft walishaacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 nayo inataka prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama), yangu kizazi cha 4, hata mlangoni sikufika. Mpwa wangu akaniambia anko weka Linux Mint, ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, haina hela. Nikaona ananitania.

Nikashusha faili la karibu GB 3 kwa bando la usiku, nikalichoma kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Mint unaweza kuijaribu hapohapo kwenye flashi kabla hujagusa diski, na mimi nikaijaribu, nikafungua menyu, nikacheza video, nikachapa ukurasa mzima, kila kitu safi nikasema twende. Waifai sikujaribu!! Kosa langu kabisa hilo. Nimemaliza kuweka, Windows imeshafutwa, waifai hata alama yake haipo.

Sasa kuomba msaada mtandaoni ndo shule yenyewe. Nilishika simu nikaandika "waifai haifanyi kazi naombeni msaada haraka", nikakaa. Jamaa mmoja akauliza laptopu gani, toleo gani la Mint, chipu gani ya waifai. Aisee nilichukia, naona kama mtu ameungua unamuuliza kabila. Mwingine akaniwekea komandi ndefu niibandike, kabla sijaigusa wa tatu akasema acha, hiyo ni ya matoleo ya zamani. Huyu wa tatu ndo alinisaidia. Akaniambia fungua teminali (dirisha la kuandika komandi) andika inxi -Fxz, komandi inayoorodhesha vifaa vya mashine, ulete majibu yote kama maandishi, usipige picha skrini. Hiyo z mwishoni inaficha namba za utambulisho za mashine, kwa hiyo huogopi kuyaweka hadharani. Nikamuuliza nitayaleta vipi na intaneti sina? Akasema chomeka simu kwa waya wa chaji, washa kugawa intaneti kwa USB. Jamani. Laptopu ikapata mtandao palepale na mimi nimehangaika siku mbili!

Alipoona majibu akajua tatizo mara moja, chipu yangu inahitaji draiva (programu ya kuiendesha) isiyo huria, yaani kodi yake haiko wazi kwa umma, ambayo haiji imewashwa. Fungua Driver Manager humohumo kwenye Mint, chagua, weka paswedi, ristati, waifai hiyo. (Paswedi kwenye teminali haionekani unapoandika, hata nyota hazitoki, mimi nilidhani kibodi imekufa nikaipiga makofi.)

Kwenye kazi yenyewe, menyu iko chini kushoto kama nilivyozoea, printa ilijitambua bila CD wala nini. CV za wateja zilikuwa zinavurugika kwenye LibreOffice (programu ya kuchapa, mbadala wa Word), ukurasa mmoja unakuwa miwili, kumbe fonti ya Calibri haipo, ukiweka fonti ya Carlito upana wa herufi ni uleule na mistari inarudi mahali pake. Hili nalo niliuliza, ila safari hii nilitaja toleo la Mint na la LibreOffice na nikaweka faili la mfano, majibu yakaja kabla chai haijapoa. Kwa RAM ya 4GB Mint ya Cinnamon, yaani yenye muonekano huu ninaotumia, inaenda ila ukifungua tabu nyingi inaanza kuhema, mwenye mashine dhaifu zaidi achukue ya Xfce, ni nyepesi zaidi. Toleo la 22 la Mint linahudumiwa hadi 2029 kwa hiyo huku sihami leo wala kesho, na Timeshift, programu ya kuhifadhi hali ya mfumo, washeni siku ya kwanza, mkiharibu mnarudi nyuma.

Nyota ya tano nimeishikilia kwa sababu skana bado sijaiweza. Jioni nikifunga duka naenda kuuliza, inxi nimeshaikopi.