Kumtaja Marehemu kwa Ukweli: Kitabu cha Jesmyn Ward Kilivyosomwa Malindi

Kabla hatujafika nusu ya kitabu, hoja iliyotawala mazungumzo yetu haikuwa uzuri wa lugha wala mpangilio wa sura, bali kama Jesmyn Ward alikuwa na haki ya kukiandika. Tulikuwa wasomaji wachache wa Malindi, wengi wetu wanawake, tuliokubaliana kusoma Men We Reaped, kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 2013, na kukutana baada ya sala ya alasiri kuzijadili. Ndani yake Ward anawataja vijana watano wa kwao waliokufa kati ya mwaka 2000 na 2004, mmoja wao akiwa ndugu yake wa tumbo moja, wala hafichi walichokuwa wakivuta, walichokuwa wakiuza na mambo yaliyowashinda. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye sote tunamheshimu kama mzazi, alikifunga kitabu akasema, "Wanangu, sisi tumeamrishwa kuwataja maiti wetu kwa mema. Binti huyu amewaanika." Kauli hiyo haikuwa ya kupuuzwa, na mengi ya ninayoyaandika hapa ni jibu langu kwake.

Ward alizaliwa mwaka 1977 na kulelewa DeLisle, mji mdogo wa jimbo la Mississippi karibu na Ghuba ya Mexico, ambako koo za watu weusi zimeishi pamoja kwa vizazi hata imekuwa vigumu kumpata asiye jamaa ya mwenzake. Wasomaji wengi wanamjua kwa riwaya zake, maana ametunukiwa Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mara mbili, mwaka 2011 na 2017, lakini hiki si riwaya; vijana wale watano walikuwa watu wa kweli. Roger moyo wake ulisimama baada ya kutumia dawa za kulevya. Demond alipigwa risasi nje ya nyumba yake. C.J. alikufa katika ajali ya gari na treni. Ronald alijiua. Joshua, mdogo wake mwandishi, aligongwa kwa nyuma na dereva mlevi alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini usiku mmoja wa Oktoba mwaka 2000, naye alikuwa na umri wa miaka 19. Jina la kitabu, yaani "wanaume tuliowavuna", limetokana na maneno ya Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa akarudi kuwakomboa wenziwe, kuhusu uwanja wa vita ambao mavuno yake yalikuwa maiti.

Ustadi wa kitabu uko katika mpangilio wake, na mpangilio huo ndio ulionifanya nitofautiane na mwalimu wetu. Sura zinazowahusu vijana zinarudi nyuma: zinaanza na Roger, aliyekufa wa mwisho mwaka 2004, na kumalizia kwa Joshua, aliyewatangulia wote. Baina yake zimepachikwa sura za familia, nazo zinakwenda mbele, kuanzia wazazi wa mwandishi walivyokutana, akazaliwa yeye kabla ya siku zake, wakafuata wadogo zake watatu, baba akaondoka. Njia hizo mbili zinakutana usiku wa ajali. Msomaji anajua tangu kurasa za mwanzo kwamba Joshua hayupo tena, kwa hiyo hasomi ili ajue kilichotokea. Anachokipata ni kingine kabisa, kwa sababu kijana aliyezikwa katika sura ya kwanza anaonekana katika sura zinazofuata akiwa hai, akiendesha gari, akicheka, akisimama kwenye mazishi ya mwenzake bila kujua kwamba ya kwake hayako mbali. Kadiri unavyoendelea kusoma, maiti wanapungua na walio hai wanaongezeka, mpaka unafika mahali ambapo wote watano wapo na hakuna aliyeondoka. Anayetaka kuwaanika watu hawezi kujisumbua namna hiyo. Muumbuaji humtaja mtu kwa aibu yake akamwacha hapo hapo, ilhali Ward anaanza na kifo na aibu, kisha anatumia kitabu kizima kumrudishia kila mmoja wao uso wake, sauti yake na mzaha wake.

Nilipoyasema hayo, mwalimu hakukubali mara moja, na alikuwa na sababu. Alisema kwamba uzuri wa nia hauondoi haki ya marehemu, na kwamba Joshua, ambaye kwa muda aliwahi kuuza kokeini ili apate fedha, hakuulizwa kama anataka dunia nzima ilijue hilo. Hili ni pingamizi ambalo kila anayeandika kumbukumbu za namna hii anapaswa kulijibu. Ward mwenyewe haonekani kulikwepa, maana anaandika waziwazi kwamba kuisimulia hadithi hii ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya, na anajitia yeye mwenyewe ndani ya simulizi pamoja na pombe aliyokunywa kupita kiasi baada ya msiba. Hajiweki juu ya wafu wake. Jambo hilo lilinituliza moyo kuliko hoja yoyote ya sanaa, kwa kuwa aliyefichua la mwenzake akalifichua na lake hawezi kuitwa msengenyaji.

Kilichobadilisha mkutano wetu, hata hivyo, hakikuwa hoja yangu. Mama mmoja aliyekuwa kimya tangu siku ya kwanza alisema kwamba mwanawe alipofariki aliwaambia watu ni malaria. "Nilisema malaria," alieleza, "na majirani wote walijua ni unga, nami nilijua kwamba wanajua, na mpaka arubaini ikapita hakuna aliyenitajia mwanangu tena, wema wake wala ubaya wake." Kwake yeye, alichokipoteza kwa kuficha hakikuwa ukweli pekee. Alimpoteza hata yule mtoto wa kabla ya unga, yaani heroini, aliyekuwa hodari wa kuogelea na mcheshi kwa dada zake, kwa sababu kumtaja kokote kungeishia kwenye swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mamangu, Mola amrehemu mwanao. Tuambie jina lake." Akatuambia, na mazungumzo ya siku hiyo hayakurudi kwenye kitabu, wala sidhani kwamba kitabu kilidharauliwa kwa hilo.

Msomaji wa mbali pengine hataelewa kwa nini kumbukumbu za Mississippi zilitufikia hivyo. Heroini iliingia pwani yetu miaka ya 1980 pamoja na kukua kwa utalii, kwanza ile ya kahawia ya kuvuta iliyoitwa brauni shuga, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaenea nyeupe, na pamoja nayo sindano. Malindi ililazimika kulikabili jambo hili mapema. Omari Project, mradi wa kuwatibu waathirika, ulianzishwa hapa mwaka 1995, wakati ambapo miji mingi ya Kenya ilikuwa bado inaliona kuwa tatizo la watu wengine. Pamoja na hayo, lugha tunayoitumia imebaki ile ile. Kijana akishakamatika na unga husahaulika kwamba ana jina na ukoo, akawa teja; akionekana anatetemeka kwa arosto, maumivu ya kuikosa dawa, watoto humkimbia; na akifa maskani, kwenye vijiwe vya watumiaji, familia hutafuta ugonjwa wenye heshima wa kuutangaza. Ward hamfanyi mtu awe uraibu wake. Roger ni Roger, mwenye mipango ya kuhama na kuanza upya, na dawa alizotumia zinaingia katika maisha yake kama zilivyoingia kweli, kwa mwendo wa taratibu, baina ya kazi za malipo duni na nyumba zilizojaa marafiki wenye huzuni.

Muuguzi mmoja katika kundi letu alikilaumu kitabu kwa upande mwingine. Alisema kwamba umemaliza kurasa zote hizo hujaona mtu akipelekwa kutibiwa akapona, na kwamba kijana wa Malindi akikisoma peke yake anaweza kudhani kifo hakiepukiki. Anajua anachokisema, kwa kuwa tangu mwaka 2015 hospitali ya serikali ya hapa Malindi hutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kila siku mbele ya mhudumu ili kuzima arosto na hamu ya heroini, na yeye amewaona waliokuwa wakilala vibarazani wakirudi kwenye bodaboda, uvuvi na ndoa zao. Lawama yake nimeipokea nusu. Ni kweli kwamba kitabu hakina mlango wa matibabu, na anayempa kijana mwenye uraibu akisome ampe pamoja na maneno ya matumaini. Lakini dawa zinazotajwa sana humo ni kokeini na vidonge pamoja na pombe, na methadoni, ambayo hufanya kazi kwa jamii ya afyuni peke yake, haimsaidii aliyenaswa na kokeini. Tena Ward anaandika kuhusu mahali ambapo msaada haukuwepo, na ningeona ni uongo kama angeutia kwa ajili ya kutufariji.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya mama yake. Baba alikuwa mtu wa haiba, mfugaji wa mbwa wa kupigana na mwenye wanawake wengi, na alipoondoka aliacha watoto wanne mikononi mwa mwanamke aliyefanya kazi ya kusafisha nyumba za matajiri weupe. Mwajiri wake mmoja ndiye aliyemlipia Jesmyn karo katika shule ya binafsi, ambako kwa muda alikuwa msichana mweusi wa pekee na alisikia matusi ya rangi yakisemwa mbele yake kama mzaha. Hapa Malindi hakuna haja ya kulieleza jambo hili kwa kirefu. Tuna wanawake waliozeeka wakifua mashuka katika majumba ya kifahari ya Waitaliano kando ya bahari, na tuna watoto wengi waliosomeshwa na mfadhili aliyekutana na mama yao jikoni au hotelini. Dada mmoja aliyesoma kwa njia hiyo alisema hajawahi kukuta kitabu kinachoeleza kwa uaminifu namna shukrani na unyonge vinavyokaa katika moyo mmoja: unampenda aliyekulipia karo, na wakati huo huo unamwona mama yako akiinama kufuta sakafu ya nyumba yake. Ward hamtukani mfadhili wala hamtukuzi. Anamwangalia mama, anavyorudi jioni amechoka na maneno yamemwisha, na anaonyesha jinsi ukimya huo ulivyowafundisha watoto kujitegemea na kuwanyima faraja kwa wakati mmoja.

Yapo nisiyoyakubali. Karibu na mwisho mwandishi anaweka takwimu za umaskini na afya za Mississippi, na ingawa sina shaka nazo, zinaingia kwa sauti ya ripoti mahali ambapo simulizi lilikuwa limekwisha kutuaminisha. Vilevile hoja yake kwamba vifo vyote vitano vina mzizi mmoja, yaani ubaguzi wa rangi na ufukara uliorithishwa, ina nguvu kubwa kwa Joshua, Roger na Ronald, lakini kwa ajali ya treni inahitaji kuvutwa. Kwa Joshua haihitaji kuvutwa hata kidogo. Dereva mlevi, mwanamume mweupe, hakushtakiwa kwa kuua. Alihukumiwa miaka mitano kwa kukimbia mahali pa ajali, akatumikia miaka mitatu na miezi miwili. Kurasa hizo zimeandikwa kwa hasira iliyozuiliwa, na mwalimu wetu, aliyeanza kwa kukilaumu kitabu, ndiye aliyetaka zisomwe kwa sauti mara ya pili.

Anayetaka kukisoma ajue kwamba Kiingereza chake si kigumu, ila mazungumzo yamejaa lafudhi ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, na kurasa za kwanza zitamwendea polepole. Mfululizo wa majina ya jamaa nao unachosha. Sisi tulichora mti wa ukoo kwenye karatasi, ukatusaidia sana. Asiruke sura za familia ili awahi zile za vijana, wala asianze na sura ya mwisho, kwa sababu sura ya Joshua haina nguvu hiyo mpaka uwe umepita kwa wale wanne. Aliyefiwa karibuni na ndugu namshauri asubiri kidogo, au asome na mwenzake. Kwa kundi la wasomaji watu wazima nakipendekeza bila kusita, na kwa walimu wa sekondari nashauri sura za mama na shule zisomwe kwanza darasani, halafu wanafunzi wakubwa wapewe kitabu chote pamoja na mtu wa kuzungumza naye. Kwa sasa tumekubaliana kuitafsiri kwa Kiswahili ile sura ya mama, kwa matumizi yetu wenyewe ya kusomeana barazani, kwa kuwa baadhi ya wanawake wanaokuja kusikiliza hawasomi Kiingereza na wamekwisha kuuliza itakuwa tayari lini.