Gesi ya friji haiishi, huvuja: tathmini ya huduma ya ukaguzi wa ghala la baridi

Kwa mwaka mmoja na nusu, kila baridi ilipopungua katika ghala letu la samaki hapa Mwanza, fundi tuliyemzoea alikuja na mtungi, akafunga geji zake, akasema gesi imekwisha, akaongeza, akalipwa na kwenda zake. Mitungi mitatu ya R-404A, gesi ya kupoozea inayotumika katika ghala letu, kila mmoja kilo 10.9, ilipotea hivyo. Mimi ninayesimamia ghala nilipaswa kuuliza mapema, kwa kuwa gesi hii haichomwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua pana mahali inapovujia.

Kampuni niliyoiita safari hii ilikuja bila mtungi wa kuongeza. Mafundi wake wawili walianza na tochi na kitambaa cheupe, wakifuta viungo kimoja kimoja kutafuta mafuta, maana gesi husafiri pamoja na mafuta kidogo ya kompresa na inapovuja huacha doa linaloshika vumbi. Ndipo wakapitisha kipima uvujaji cha elektroniki, polepole, upande wa chini wa kila kiungo, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Karibu na ukuta kifaa kililia. Fundi mdogo alikwisha kushika chaki atie alama, lakini mkubwa wake akamzuia, akaeleza kwamba povu lililomo ndani ya paneli huweza kukidanganya kifaa, akapaka maji ya sabuni kwenye kiungo cha jirani, tukasubiri, na hapakutoka hata kipovu kimoja. Tangu hapo niliwaamini.

Walikuta sehemu tatu: vali ya kujazia isiyo na kifuniko, nati iliyolegea, na ufa mwembamba kama unywele kwenye bomba la shaba lisiloshikizwa, ambalo lilikuwa likitikisika pamoja na kompresa. Gesi iliyobaki hawakuiachia hewani. Waliivutia kwenye mtungi, wakachomelea bomba na kulifunga kwa vishikizo, wakajaza naitrojeni kwa shinikizo ili kupima kama bado pana uvujaji, na kuacha geji hadi asubuhi. Sindano haikushuka. Wakavuta hewa yote, kisha wakarudisha gesi kwa mizani, si kwa kukisia.

R-404A haidhuru tabaka la ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto kama takriban kilo 3,900 za kabonidayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Mitungi yetu mitatu, basi, ilikuwa sawa na zaidi ya tani 120. Gesi za jamii hii ndizo ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza huko Kigali mwaka 2016, na inaniuma kwamba ghala moja dogo linaweza kumwaga kiasi hicho bila mtu kunusa chochote.

Ninawapa nyota 4 kati ya 5. Bei yao ilizidi ya mtungi mmoja, haikufika ya miwili, na kwa miezi saba sasa hatujaongeza gesi. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ripoti ilichelewa wiki tatu bila kutaja kilo zilizorudishwa, na ukaguzi wa marudio wanautoza kama kazi mpya. Atakayewaita aandike kwenye makubaliano, kabla spana haijashikwa, kwamba watarudi baada ya mwezi kupima viungo vilevile bila malipo mengine.